Kujitafutia Makuu

SABATO MCHANA

Soma kwa ajili ya somo la juma hili: 2 Samweli 15:1–12, Marko 10:32–45, Amosi 8:4–7, Yeremia 45, 1 Samweli 23:15–18, 3 Yohana 9–12, Wafilipi 2:3–8.

Fungu la kukariri: Marko 10:43, 44. Kila mshiriki alisome katika Biblia yake na kulikariri kabla ya Sabato ijayo.

Mtu anayetoka Iringa mjini kushika njia ya Hifadhi ya Ruaha hufika Kalenga baada ya mwendo mfupi. Hapo ndipo ilipokuwa ngome ya Mtwa Mkwawa, na hapo leo pana makumbusho yanayotunza fuvu la kichwa chake. Wanafunzi huletwa kusikia habari za Lugalo, ambako tarehe 17 Agosti 1891 Wahehe walikishinda kikosi cha Wajerumani na kumwua kamanda wake, Zelewski. Husikia pia jinsi ngome ilivyoanguka mwaka 1894, na jinsi Mkwawa alivyoendelea kupigana porini mpaka mwaka 1898, alipojiua ili asikamatwe.

Katika historia hiyo yumo mtu mmoja asiyetajwa sana. Ni Mpangile, nduguye Mkwawa. Mwishoni mwa mwaka 1896, Mkwawa akiwa bado porini, Wajerumani walimketisha Mpangile kwenye kiti cha utawala. Mapema mwaka 1897, kabla hata miezi mitatu haijatimia, wale wale waliompa kiti walimwua, wakimshuku kwamba anamsaidia nduguye kwa siri.

Hakuna awezaye kusoma moyo wa mtu aliyekufa zamani. Huenda Mpangile alikipenda kiti. Huenda aliona ndiyo njia iliyobaki ya kuwaokoa watu wake waliochoshwa na vita. Lakini jambo moja liko wazi: kiti kile kilikuwa na bei, na aliyekitoa ndiye aliyeipanga.

Kila kiti kina bei. Biblia haimkatazi mtu kutamani kazi njema. Katika 1 Timotheo 3:1 Paulo anaizungumzia vizuri nia ya mtu anayetaka kuwa mwangalizi wa kanisa. Lakini Biblia inauliza maswali mawili ambayo mwenye nia kubwa hapendi kuulizwa. Wakati mtu anakitafuta kiti, anageuka kuwa mtu wa namna gani? Na bei ya kiti hicho inalipwa na nani? Maswali hayo mawili ndiyo yatakayoongoza somo la juma hili.

JUMAPILI
Absalomu Langoni

Soma 2 Samweli 15:1–6. Absalomu alifanya mambo gani kila asubuhi? Ni lipi kati ya hayo ambalo mpita njia angeliona kuwa baya?

Absalomu hakuanza kwa upanga. Alianza kwa gari, farasi na watu hamsini wa kupiga mbio mbele yake. Kisha akajizoeza kuamka mapema. Alisimama kando ya njia ya lango, mahali walipopita watu wenye mashauri, akamwuliza kila mmoja ametoka mji gani. Aliyetaka kumsujudia alishikwa mkono na kubusiwa.

Kuamka mapema ni sifa njema. Kumwuliza mgeni atokako ni adabu. Kumsikiliza mwenye shida ni huruma. Mpita njia angesema kwamba huyu ndiye kijana mwenye kuwajali watu.

Ubaya ulikuwa katika maneno yaliyofuata. Kila aliyefika aliambiwa kwamba shauri lake ni jema na la haki, ila kwa mfalme hakuna mtu wa kumsikiliza. Absalomu alikuwa hajasikia upande wa pili wa shauri hata moja. Hivyo kijana aliyesema anataka kuwa mwamuzi wa nchi alijizoeza kila asubuhi kuamua bila kusikiliza. Kama angefanikiwa, Israeli wangempata mwamuzi aliyekwisha kuhitimu katika uongo.

Hapa ndipo tamaa ya makuu inapofanya kazi yake. Watu husema cheo kimembadilisha fulani. Mara nyingi cheo hakikumbadilisha, kilimfunua tu. Alibadilika zamani, wakati akikitafuta, kwa mazoea madogo ambayo yeye mwenyewe aliyaona kuwa njia tu ya kufika. Alidhani akifika atayaacha. Lakini mtu hafiki kwenye kiti akiwa peke yake. Hufika pamoja na tabia aliyoitumia kupandia.

Soma 2 Samweli 15:7–12. Absalomu aliitumiaje ibada? Ni akina nani waliokwenda naye?

Hatua iliyofuata ilikuwa kubwa zaidi. Absalomu alimwomba baba yake ruhusa ya kwenda Hebroni kutimiza nadhiri aliyomwekea Bwana, naye Daudi akamwambia aende kwa amani. Ibada ikawa pazia la uasi. Aliyeanza kwa kuwadanganya watu langoni aliishia kulitumia jina la Mungu kumdanganya baba yake.

Mstari wa 11 unahitaji kusomwa polepole. Watu mia mbili waliitwa kutoka Yerusalemu, wakaenda kwa unyofu wao, bila kujua neno lolote. Walidhani wamealikwa kwenye dhabihu. Na huo ulikuwa mwanzo wa malipo. Katika 2 Samweli 18:7 watu elfu ishirini walianguka msituni siku moja, na katika mstari wa 33 baba mzee anapanda chumbani juu ya lango akilia. Absalomu alikitaka kiti kwa ajili yake. Walioilipa bei walikuwa maelfu ambao hawakukitaka.

Je, kuna mazungumzo unayoyafanya nje ya kanisa baada ya ibada, au kwenye simu, ambayo yanafanana na yale ya langoni? Yule unayemzungumzia amepata nafasi ya kusikilizwa?

JUMATATU
Kuume na Kushoto

Soma Marko 10:32–45. Yesu alikuwa ametoka kusema nini kabla Yakobo na Yohana hawajaleta ombi lao?

Mpangilio wa Marko unaumiza. Katika mistari ya 32 hadi 34 Yesu anawaeleza wanafunzi, kwa mara ya tatu, kwamba anakwenda kutiwa mikononi mwa wakuu wa makuhani, kudhihakiwa, kutemewa mate, kupigwa mijeledi na kuuawa. Katika mstari wa 35 wana wa Zebedayo wanamsogelea na ombi la viti viwili. Walisikia habari za safari ya Yerusalemu wakafikiria kuapishwa. Tamaa ya makuu huziba masikio kwanza. Rafiki anasimulia habari za kifo chake, na mwenzake anahesabu nafasi.

Angalia pia jinsi walivyoanza. Kabla hawajasema wanataka nini, walimtaka Yesu aahidi kuwatendea lolote watakaloomba. Mtu mwenye ombi safi hulitaja kwanza.

Mstari wa 41 unasema wale kumi walikasirika. Wengi wamewahesabu hao kuwa wanyenyekevu walioudhiwa na kiburi cha wenzao. Lakini sura moja nyuma, katika Marko 9:33, 34, wote kumi na wawili walikuwa wakibishana njiani ni nani aliye mkubwa. Hasira ya wale kumi haikuwa chuki ya dhambi. Walikasirika kwa sababu wamewahiwa. Aliyerukwa kwenye foleni hukasirika kuliko asiyekuwemo kwenye foleni. Kuichukia tamaa ya mwingine si ushahidi kwamba mtu hana ya kwake.

Yesu hakuwafukuza wale wawili, wala hakuwaambia wakae bila nia yoyote. Hakusema mtu asitake kuwa mkubwa. Aliigeuza njia: anayetaka kuwa mkubwa na awe mtumishi, na anayetaka kuwa wa kwanza na awe mtumwa wa wote. Kisha akajitaja mwenyewe kuwa mfano. Mwana wa Adamu hakuja kutumikiwa. Katika ufalme wake bei ya kiti inalipwa na anayeketi, wala si na wanaomzunguka.

Soma Marko 15:27. Ni akina nani waliokuwa kuume na kushoto kwake alipotangazwa kuwa Mfalme kwa anwani iliyoandikwa juu ya msalaba?

Yakobo na Yohana hawakujua walichoomba. Nafasi za kuume na kushoto siku ile zilikuwa misalaba miwili, na juu yake walitundikwa wanyang'anyi. Hata hivyo Yesu alikuwa amewaambia kwamba watakinywea kikombe chake, na hakusahau. Yakobo aliuawa kwa upanga wa Herode (Matendo 12:2). Yohana alikuwa katika kisiwa cha Patmo kwa ajili ya neno la Mungu (Ufunuo 1:9).

Kati ya ombi lile na kikombe hicho, Kristo alifanya kazi ya tabia. Katika Luka 9:54 Yohana alitaka moto ushuke kutoka mbinguni ukiteketeze kijiji cha Wasamaria. Katika Matendo 8:14, 15 Yohana huyo huyo anatumwa Samaria pamoja na Petro, na kazi yao ya kwanza ni kuwaombea Wasamaria wampokee Roho Mtakatifu. Aliyeitisha moto wa kuangamiza sasa anaomba Roho awashukie. Mwana wa ngurumo hakupoteza nguvu zake. Zilipewa kazi nyingine.

Ni nani ambaye kupandishwa kwake kumekuudhi mwaka huu? Hasira hiyo inakufundisha nini juu ya moyo wako mwenyewe?

JUMANNE
Gunia la Lumbesa

Soma Amosi 8:4–7. Wafanyabiashara hawa walikuwa wakiwaza nini wakati wa Sabato?

Si kila tamaa ya makuu inatafuta cheo. Nyingine inatafuta mali, na hiyo nayo ina mahali pake pa kujificha.

Wafanyabiashara wa siku za Amosi walitunza Sabato. Hawakufungua maghala wala hawakuuza ngano. Walikaa, wakangoja. Lakini mioyo yao ilikuwa ikiuliza Sabato itakwisha lini ili waipunguze efa, waiongeze shekeli, na kuidanganya mizani. Mungu aliapa kwamba hatayasahau matendo yao hata moja. Siku waliitunza; mtu maskini hawakumtunza.

Maneno hayo yanaeleweka haraka Uyole, na popote Mbeya panapovunwa viazi mviringo. Mnunuzi hufika shambani na magunia yake. Gunia likijaa, huongezewa mdomo kwa wavu au kipande cha gunia jingine, viazi vikarundikwa juu mpaka vikawa kichuguu, kisha likashonwa kwa kamba. Hiyo ndiyo lumbesa. Sheria ya vipimo nchini inaikataza, na inataka gunia la mazao lisizidi kilo 100. Mkulima hulipwa bei ya gunia moja. Madebe yaliyozidi hayana jina wala bei.

Mfikirie kijana Mwadventista anayeanza biashara hiyo. Nia yake ni njema: kuwalipia wadogo zake ada, kumjengea mama nyumba ya bati, na siku moja kuwa na Fuso lake mwenyewe. Msimu wa kwanza anaikataa lumbesa, na madalali wanamcheka. Msimu wa pili anasema ataifanya mara moja tu, kwa sababu mkopo umemkaba. Msimu wa tatu hasemi kitu. Msimu wa nne, mtu akimwuliza, anajibu kwamba soko ndivyo lilivyo. Hakuna siku aliyoamua kuwa mdhalimu. Alitaka lori tu.

Na zaka anatoa. Kila faida anaihesabu kwa uangalifu na kuipeleka nyumbani kwa Bwana. Lakini nani amelipa? Yuko mama aliyelima kwa jembe la mkono, akapalilia kwenye baridi ya Juni, akauza magunia kumi ambayo kwa haki yalikuwa kumi na mawili. Huenda mama huyo ameketi benchi la mbele yake katika kanisa lile lile. Kama ndivyo, basi ndani ya bahasha ya zaka ya kijana kuna kilichopungua katika bahasha ya mama.

Linganisha Kumbukumbu la Torati 25:13–16 na Mithali 11:1. Kwa nini Mungu anatumia neno zito la chukizo kwa habari ya kipimo?

Kipimo cha uongo hukataa kwamba mtu mwingine ni mtu. Humfanya mkulima kuwa sehemu ya njia ya kwenda kwenye lori. Ndiyo maana tabia ya mfanyabiashara haipimwi kwa jinsi anavyoketi kanisani Sabato asubuhi. Inapimwa shambani Jumapili, gunia likiwa limejaa na mdomo bado haujashonwa.

Isisemwe kwamba kijana akitumia mizani ya haki Mungu atampa Fuso upesi. Fuso linaweza kuchelewa, au lisije kabisa. Biblia haiahidi kwamba uaminifu utalipa kila msimu. Inaahidi kwamba Mungu anaona, na kwamba mtu mwenye mizani ya haki atakuwa mtu ambaye Mungu anapendezwa naye, akiwa na lori au hana.

Katika kazi yako, "lumbesa" yako ni ipi? Ni jambo gani ambalo zamani uliliita dhambi na sasa unaliita soko?

JUMATANO
Waliobaki Bila Kiti

Soma Yeremia 45. Baruku alikuwa akilalamika nini, na Mungu alimjibuje?

Baruku mwana wa Neria alikuwa mtu wa kalamu wakati ambao wenye kalamu walikuwa wachache. Ukoo wake ulikuwa na nafasi. Nduguye Seraya alikuja kuwa mmoja wa wakuu wa mfalme Sedekia (Yeremia 51:59). Baruku mwenyewe aliandika maneno ya mtu mwingine. Alipolisoma gombo lile hadharani, mfalme Yehoyakimu alilikata kwa kijembe na kulitupa motoni, safu kwa safu (Yeremia 36:23). Baruku akaketi akaliandika upya.

Si ajabu kwamba alichoka. Jibu la Mungu kwake ni fupi na zito. Linamwuliza kama anajitafutia makuu, na linamwambia aache kuyatafuta. Nchi nzima ilikuwa karibu kubomolewa. Vyeo vya Yerusalemu vilikuwa vyumba katika nyumba inayoungua. Mungu akampa kitu kimoja tu, uhai wake, popote atakapokwenda. Baruku hakuwa mkuu. Lakini leo hakuna anayesoma amri za wakuu wa Yehoyakimu, na gombo la Yeremia linasomwa kila nchi.

Soma 1 Samweli 23:15–18. Yonathani alipoteza nini kwa kwenda kumtafuta Daudi? Alimpa nini?

Yonathani ndiye aliyekuwa mrithi wa kiti. Sauli baba yake alikuwa amemwambia wazi kwamba Daudi akiwa hai ufalme wake hautasimama (1 Samweli 20:31). Yonathani alikuwa na jeshi, jina na sababu. Alipoambiwa kwamba Daudi yuko katika nyika ya Zifu, aliondoka akamwendea, akamtia nguvu mkono wake katika Mungu. Alimwambia mwenzake asiogope, maana yeye ndiye atakayekuwa mfalme. Kisha akarudi nyumbani kwake.

Yonathani alitumaini kuwa wa pili katika ufalme huo. Hata hilo hakulipata. Aliuawa katika mlima Gilboa (1 Samweli 31:2). Wasomaji wa Biblia hawamkumbuki kama mtu aliyekosa. Wanamkumbuka kama rafiki. Kiti hakikupata nafasi ya kumharibu, kwa sababu alikuwa amekwisha kukikabidhi kwa Mungu.

Kalenga, mahali lilipoanzia somo hili, pana ukurasa mwingine wa historia unaosaidia hapa. Mwaka 1954 fuvu la Mkwawa liliporudishwa kutoka Ujerumani, mjukuu wake, Adam Sapi Mkwawa, ndiye aliyekuwa chifu wa Wahehe. Miaka michache baadaye Tanganyika ikapata uhuru, na utawala wa machifu ukafutwa nchi nzima. Kiti ambacho babu yake alikipigania kikaondolewa mamlaka. Adam Sapi alikuwa Spika wa Bunge kuanzia mwaka 1962. Mwaka 1973 nafasi hiyo ikaenda kwa Erasto Mang'enya. Mwaka 1975 ikamrudia, akaishika hadi 1994.

Yaliyokuwa moyoni mwake anayajua Mungu. Lakini kazi yenyewe ina funzo. Chifu hukaa juu ili asikilizwe. Spika hukaa juu ili wengine wasikilizwe. Ndivyo Yesu alivyotaka kila mkubwa katika kanisa lake awe. Aketi mahali ambapo kazi yake ni kuwapa wengine nafasi.

ALHAMISI
Kabla ya Mteremko

Dereva wa lori litokalo Mbeya kwenda Dar es Salaam, akiisha kuipita Iringa, hukutana na mteremko wa Kitonga unaoshuka hadi Ruaha Mbuyuni. Dereva mzoefu hupunguza gia juu, kabla hajaanza kushuka. Anayengoja mpaka mzigo uanze kumsukuma, akategemea breki peke yake, huzitia moto breki zake mpaka zikaacha kushika. Kosa linaonekana kwenye kona, lakini lilifanyika juu, mahali palipokuwa tambarare.

Tabia nayo ni hivyo. Mtu hawezi kuanza kujifunza unyenyekevu siku jina lake linapoachwa.

Soma 3 Yohana 9–12. Orodhesha mambo aliyoyafanya Diotrefe. Yalianza na nini?

Yohana anataja mzizi kabla ya matawi: Diotrefe alipenda kuwa wa kwanza kati yao. Matawi yakafuata. Hakumkubali mtume. Alinena maneno maovu. Aliwakataa ndugu wageni, akawazuia waliotaka kuwapokea, akawatoa katika kanisa. Hakuna mahali panapoonyesha kwamba alifundisha uongo. Huenda mafundisho yake yote yalikuwa sahihi. Kanisa linaweza kuharibiwa na mtu mwenye mafundisho sahihi anayetaka tu kuwa mbele.

Katika mstari wa 12 yuko mtu mwingine, Demetrio. Habari zake hazijai hata mstari mmoja: ameshuhudiwa na wote, na ile kweli yenyewe. Hakuna cheo kilichotajwa.

Hebu fikiria kanisa la mtaa wakati wa uchaguzi wa viongozi. Kamati ya kupendekeza majina imekaa, na Sabato moja orodha inasomwa mbele ya washiriki. Mtu aliyekuwa mzee wa kwanza kwa miaka tisa anasikiliza mpaka mwisho. Jina lake halimo. Mzee mpya ni kijana aliyembatiza mtoto wake akiwa darasa moja naye. Yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha kusimamia Shule ya Sabato.

Kuna njia mbili za kutoka mlangoni siku hiyo. Kwa njia ya kwanza, Sabato inayofuata anakaa benchi la nyuma. Ya tatu anasali nyumbani. Ufunguo wa stoo haupatikani. Bahasha ya zaka inakaa mezani. Mchungaji akimtembelea, anasema hana neno na mtu, ila kanisa limeingiliwa na siasa. Nyumba yake inaanza kuwa mahali wanapokutana wote wenye malalamiko, na bila kujijua amesimama langoni pamoja na Absalomu. Watoto wake wanasikia kila neno mezani. Miaka kumi baadaye atashangaa kwa nini hawaendi kanisani. Hao ndio waliolipa.

Kwa njia ya pili, anaumia vile vile. Hakuna dhambi katika kuumia. Usiku anamwambia Mungu ukweli wote, hata ule wa aibu. Kisha, kabla ya Sabato kufika, anakwenda nyumbani kwa yule kijana na ufunguo wa stoo na daftari la wagonjwa na wajane. Anamweleza ni mjane gani anahitaji mahindi, ni familia gani imegombana, ni mshiriki gani hapendi kutembelewa jioni. Wanaomba pamoja. Anamtia nguvu mkono wake katika Mungu, kisha anarudi nyumbani kwake.

Tofauti ya watu hawa wawili haikufanyika Sabato ya uchaguzi. Ilifanyika ndani ya ile miaka tisa. Mmoja alikuwa akikusanya ufunguo. Mwingine alikuwa akitunza watu ambao ufunguo uliwahusu.

Soma Wafilipi 2:3–8. Kristo alikuwa na nini tayari, na alikifanyia nini?

Wengine wote katika somo hili walitafuta makuu wasiyokuwa nayo. Kristo alikuwa nayo. Hakuona kuwa sawa na Mungu ni kitu cha kung'ang'ania. Alishuka mpaka hali ya mtumwa, na mpaka mauti ya msalaba. Katika Yohana 13:3–5 anaosha miguu akijua kwamba Baba amempa vyote mikononi mwake. Mikono hiyo yenye vyote ndiyo iliyoshika beseni. Anayejua kwamba ni mtoto wa Mungu hahitaji kiti cha kumthibitishia. Hapo ndipo gia inapopunguzwa. Mtu husimama mbele za Kristo akiwa bado juu, kabla ya mteremko, na kumruhusu aseme yeye ni nani.

IJUMAA
Jifunze Zaidi

Katika kitabu cha Ellen G. White, Tumaini la Vizazi Vyote, soma maelezo kuhusu ombi la Yakobo na Yohana na kuhusu kuoshwa kwa miguu ya wanafunzi. Soma pia 1 Wafalme 1:5–10, habari za Adonia nduguye Absalomu, ukiangalia hasa mstari wa 6, unaosema baba yake hakumkemea wakati wowote.

Tamaa ya makuu haiondolewi kwa kujidharau, wala kwa kukataa kila kazi kanisani na kuiita hali hiyo unyenyekevu. Mwenye talanta moja aliyeifukia hakusifiwa. Inaondolewa kwa kumpa Kristo nia yenyewe, aioshe kama alivyoiosha ya Yohana, kisha airudishe ikiwa na nguvu zile zile na mwelekeo mwingine. Kila asubuhi juma lijalo, mshiriki aombe akiwa na yale maswali mawili: Jambo ninalolitafuta linanifanya kuwa mtu gani? Na ni nani anayelilipia?

Maswali ya Kujadili

1. Katika kikundi, jadilini tofauti kati ya nia njema ya kutumika (1 Timotheo 3:1) na tamaa ya Diotrefe. Mtu anawezaje kuitambua tofauti hiyo ndani yake mwenyewe kabla wengine hawajaiona?

2. Kikundi chenu kina wakulima, wanunuzi na wasafirishaji. Kanisa lenu linaweza kuwasaidiaje wafanyabiashara vijana wanaotaka kutumia kipimo cha haki lakini wanashindana na wasiokitumia? Toeni hatua moja ambayo inaweza kuanza mwezi huu.

3. Kanisa linawajibika vipi kwa kiongozi aliyemaliza muda wake? Je, huwa tunamshukuru na kumpa kazi, au tunamwacha apotelee benchi la nyuma?

4. Daudi hakumkemea Adonia. Wazazi leo huchocheaje tamaa mbaya ya makuu kwa watoto wao, kwa mfano wakati matokeo ya mitihani yanapotoka? Wanawezaje kumtia mtoto bidii bila kumfundisha kuwadharau wenzake?

5. Yupo mtu aliyepata nafasi ambayo wewe uliitamani? Kabla ya Sabato ijayo, panga jambo moja la wazi utakalofanya kumtia nguvu mkono wake katika Mungu, kama Yonathani alivyofanya kwa Daudi.